Mwongozo kamili: Kuutambua mwerebi wa Aktiki (Salix arctica) bila kuuchanganya na mierebi mingine mifupi ya tundra

Sampuli nyingi zinazoandikwa Salix arctica hurudishwa na wataalamu kwa sababu zilezile. Tawi ni moja, lina majani matatu, halina maua. Hakuna maelezo kama kichaka kilikuwa kimesimama au kimelala chini. Au tawi la mmea dume na la mmea jike yamebanwa pamoja chini ya namba moja. Picha za simu nazo hukwama hapohapo: jani limepigwa kutoka juu tu, na upande wa chini haujulikani.

Jani peke yake haliwezi kukupa jina. Mwerebi huu una majani mapana bondeni na membamba kwenye mwamba wenye upepo, vichaka viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana kabisa, na tena huzaa machotara na spishi za karibu. Jina hutoka kwenye alama kadhaa zinazokubaliana: umbo la kichaka, pande zote mbili za jani, vinyweleo, brakti (kigamba kilicho chini ya ua), ovari (kifuko cha mbegu cha ua jike) na stameni (sehemu ya ua dume inayotoa chavua). Fuata hatua kwa mpangilio, kwa maana alama za mwanzo hupotea ukishakata tawi.

Mwongozo huu unamfaa anayekwenda Nunavut, Greenland, Iceland, Alaska au kaskazini mwa Urusi. Unamfaa pia aliyeko Nairobi au Dodoma anayesoma sampuli kavu na picha za mtandaoni.

## Vifaa vinavyohitajika

- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Kwa maua, ya mara 20 ni bora zaidi.
- Rula yenye milimita.
- Mkasi wa kupogolea au kisu chenye makali.
- Fremu mbili za mbao za kubania mimea, mikanda miwili, magazeti, karatasi nene za kunyonya maji na vipande vya boksi la kadibodi vyenye ukubwa wa gazeti lililokunjwa.
- Vichupa vidogo vyenye alkoholi ya asilimia 70 kwa ajili ya vishada vya maua.
- Bahasha ndogo za karatasi na silika jeli, kama kuna mpango wa kupima DNA. Kadiria gramu 10 za silika kwa kila gramu 1 ya jani bichi.
- Daftari na penseli. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu tundra (ardhi ya baridi isiyo na miti) ya kiangazi ina maji kila mahali na wino huchuruzika.
- GPS, au simu inayoweza kusoma mahali bila mtandao.
- Ufunguo wa utambuzi wa eneo unalofanyia kazi, yaani mlolongo wa maswali ya alama unaokufikisha kwenye jina. Kwa Amerika Kaskazini na Greenland, tumia juzuu ya 7 ya Flora of North America (2010), ambamo mierebi iliandikwa na George W. Argus.

### Ruhusa na usalama

Maliza suala la ruhusa kabla ya safari. Nunavut inadai leseni ya utafiti kutoka Nunavut Research Institute. Huko Svalbard, visiwa vya Norway katika Aktiki, mimea inalindwa na sheria ya mazingira ya visiwa hivyo, na kuchuma bila kibali ni kosa. Sampuli isiyo na kibali haitapokelewa na hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) yoyote makini, hata iwe nzuri namna gani. Mahali penye dubu wa barafu, mtu mmoja awe na kazi ya kulinda tu. Anayechungulia ua kwa lenzi haoni kinachokuja nyuma yake.

### Wakati wa kwenda

Vishada huchomoza pamoja na majani, kwa kawaida Juni hadi Julai kulingana na theluji inavyoyeyuka. Mbegu zenye pamba nyeupe hutoka mwishoni mwa Julai na Agosti. Wakati bora ni wiki zile ambazo jani limeshakua na kishada bado kina ovari zisizopasuka. Ukienda Septemba utakuta majani ya njano na vishada vitupu, nawe utapoteza nusu ya ushahidi.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni mwerebi kweli

Tafuta jicho la tawi, yaani lile chipukizi dogo lililofungwa kwenye pembe kati ya jani na tawi. Kwa lenzi, hesabu magamba yanayolifunika. Mwerebi una gamba moja tu, limelivaa jicho zima kama kofia. Mimea mingine ya tundra inayofanana nao haina gamba la namna hiyo.

Inayowachanganya watu mara nyingi ni hii:

Betula nana. Kijani kidogo cha mviringo chenye meno makubwa ukingoni. Jicho lake lina magamba kadhaa yanayopandana.

Dryas integrifolia na Dryas octopetala. Jani gumu, kingo zimekunjwa kuelekea chini, na upande wa chini una manyoya meupe yaliyoshikamana. Ua ni moja moja, jeupe, lenye petali.

Vaccinium uliginosum. Jani lina rangi ya kijani-buluu ambayo huwadanganya wengi, lakini kikonyo (kijiti kinachoshika jani) karibu hakipo, na matunda ni ya buluu yenye maji. Mwerebi hauzai tunda la kuliwa. Tunda lake ni kibonge kikavu kinachopasuka na kutoa pamba.

Dalili umefanikiwa: umeona gamba moja kwenye macho yasiyopungua matano, na kama kuna maua, yamejipanga kwenye kishada kilichosimama wima, hayana petali.

Aliyeko Afrika Mashariki anaweza kufanya zoezi hili kabla ya safari. Salix mucronata huota kingoni mwa mito ya Kenya, Tanzania na Uganda, nayo ina gamba lilelile moja. Ni mti wenye majani marefu membamba, na ua dume lina stameni zaidi ya mbili, kwa hiyo haufanani na jamaa zake wa kaskazini. Lakini jicho, kishada na kibonge chenye pamba utavifahamu palepale. Ukikagua macho yake kumi kwa lenzi hapo nyumbani, hutahangaika kwenye baridi.

## Hatua ya 2: Soma umbo la kichaka kabla ya kukigusa

Piga magoti. Tazama kwanza mashina, si majani.

Salix arctica kwa kawaida hulala: mashina yake ya miti hutambaa juu ya ardhi au kupita kwenye mosi (mimea midogo laini inayotandaa kama zulia), na ncha huinuka kidogo. Urefu kutoka ardhini ni sentimita chache hadi 25 hivi. Kwenye maeneo ya kusini yenye joto zaidi, hasa pwani ya Pasifiki, unaweza kuwa mrefu kuliko hapo. Matawi ni manene ukilinganisha na udogo wa mmea.

Andika mambo manne kwenye daftari:

1. Mashina yako juu ya ardhi au yamezikwa chini yake?
2. Matawi yanatoa mizizi yanapogusa udongo?
3. Urefu wa juu kabisa wa kichaka kwa sentimita.
4. Ardhi ni kavu ya changarawe, ni mosi yenye maji, au ni mteremko ambao theluji huchelewa kuyeyuka?

Jibu la swali la kwanza linaondoa spishi mbili kwa mara moja. Salix herbacea na Salix polaris huficha mashina yao chini ya udongo au mosi, hivyo kinachoonekana ni majani machache yanayochungulia. Ukikata tawi bila kuandika, karatasini mashina yote yataonekana sawa, na hapo ndipo makosa mengi ya hebaria yanapozaliwa.

Onyo: usikate shina kuu pale linapokutana na mzizi. Pete za mwaka za mwerebi huu ni nyembamba mno, na shina la unene wa kidole linaweza kuwa na umri wa zaidi ya karne. Kichaka kimoja cha mashariki mwa Greenland kimehesabiwa miaka 236. Tawi la pembeni lenye urefu wa sentimita 15 hadi 20 linatosha kwa utambuzi.

## Hatua ya 3: Chagua majani yanayofaa kupimwa

Majani ya kwanza kabisa chini ya chipukizi la mwaka huu ni madogo, yana mviringo zaidi, na vinyweleo vyake si vya kawaida. Majani ya ncha bado yanakua. Ufunguo wa utambuzi unazungumzia majani ya katikati ya chipukizi, yaliyokwisha kukomaa. Anayepima majani ya chini hufika kwenye spishi isiyohusika, na ufunguo anaulaumu bure.

Chukua majani matano ya katikati kutoka vichipukizi vitatu tofauti vya kichaka kimoja. Pima urefu wa bapa (sehemu pana ya jani), upana wake na urefu wa kikonyo.

Kwa Salix arctica tarajia bapa la sentimita 1 hadi 6, na mara chache hadi 8. Umbo ni la yai au yai lililogeuzwa, pengine karibu mviringo au jembamba. Kikonyo huonekana wazi, kati ya milimita 2 na 35. Ukingo ni laini bila meno. Ukiona meno madogo machache karibu na kitako cha jani, usitupe sampuli; andika, kisha uendelee. Meno yakiuzunguka ukingo wote, huyo ni mwingine.

Kinachoharibika hapa: majani yenye vivimbe vyekundu mfano wa maharagwe. Hivyo ni vivimbe vya nyigu wa majani, ambao funza wao huishi ndani. Jani lenye kivimbe hupinda na kubadili vipimo. Liache. Vilevile vumbi la rangi ya chungwa chini ya jani ni ukungu wa kutu aina ya Melampsora, si chavua. Usiandike kwamba mmea ni dume kwa sababu ya vumbi hilo.

## Hatua ya 4: Kagua pande mbili za jani, kisha ndevu

Hatua hii ndiyo yenye uzito mkubwa kwa mmea usio na maua, kwa hiyo usiikimbie.

Upande wa juu. Ni wa kijani, wenye vinyweleo virefu vilivyolala au usio navyo kabisa, kutegemea umri wa jani. Vinyweleo hupukutika msimu unavyosonga. Jani la Juni lenye manyoya na jani la Agosti lililo tupu yanaweza kutoka kwenye tawi lilelile.

Upande wa chini. Una rangi ya kijivu-buluu iliyofifia kwa sababu ya utando wa nta. Ufute kwa kidole gumba: sehemu iliyofutwa hubaki ya kijani zaidi kuliko pembeni mwake. Fanya jaribio hili kwenye jani moja tu, halafu usiyashike mengine kwa vidole. Nta huyeyuka pia ndani ya alkoholi, kwa hiyo jani lililohifadhiwa kwenye kichupa halina ushahidi wowote juu ya nta. Joto kali wakati wa kukausha huiharibu vilevile.

Ndevu. Inua jani dhidi ya mwanga wa anga na uitazame ncha kwa lenzi. Jani la Salix arctica mara nyingi lina vinyweleo virefu vilivyonyooka, vya kung'aa, vinavyopita ncha na kutokeza nje. Hata upande wa juu ukiwa umekwisha kupukutika, ndevu hizi na vinyweleo vya ukingoni huwa vimebaki. Hakuna alama ya jani ninayoiamini kuliko hii, na ndiyo ambayo picha nyingi za mtandaoni hazionyeshi.

Dalili umefanikiwa: ukiwa umefumba daftari, unaweza kusema bila kusita: ukingo laini, chini kuna nta, ncha ina ndevu. Mambo matatu yakikubaliana, uko karibu sana. Moja likikataa, nenda moja kwa moja hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Tenganisha mmea dume na mmea jike

Kila kichaka cha mwerebi ni cha jinsia moja. Dume hutoa chavua, jike huzaa vibonge vya mbegu, na ufunguo unahitaji alama kutoka pande zote mbili.

Kishada dume kina stameni mbili kwa kila ua. Vichwa vya stameni ni vya zambarau kabla ya kupasuka, kisha huwa vya njano chavua inapotoka. Kishada jike kichanga kina stigma (ncha inayopokea chavua) nyekundu na ovari zenye manyoya. Kadiri mbegu zinavyokomaa kishada hurefuka, na kinaweza kupita sentimita 10.

Usitafute jinsia zote mahali pamoja. Utafiti uliofanywa Alexandra Fiord, kisiwa cha Ellesmere kaskazini mwa Kanada, ulionyesha kwamba majike ya Salix arctica hupatikana zaidi kwenye udongo wenye maji na rutuba, ilhali madume huelekea sehemu kavu na zenye joto zaidi. Ukizunguka bonde la mosi pekee, utarudi na majike matupu. Panda mteremko mkavu ulio jirani.

Kosa linaloharibu sampuli nzuri: kukata tawi dume hapa na tawi jike pale, kisha kuyapa namba moja kwa kuwa "ni spishi ileile". Huenda ni spishi mbili. Kila kichaka kina namba yake. Kama vilikuwa jirani, andika kwenye lebo: "jike, mita 4 kutoka namba 27".

## Hatua ya 6: Fungua ua moja

Chukua ua kutoka katikati ya kishada, si kwenye ncha wala kitako. Kwa kishada kikavu, kichemshe dakika moja au mbili ndani ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Kitalainika, na brakti hazitavunjika.

Brakti ni kile kigamba kilicho chini ya kila ua. Katika Salix arctica ni cha kahawia iliyokolea hadi cheusi, au rangi mbili, na kina vinyweleo virefu. Angalia rangi kwenye mmea hai au mara tu baada ya kuchuma, kwa sababu brakti za rangi hafifu huweza kukolea zikikauka vibaya.

Ovari ina manyoya. Juu yake kuna shingo ndefu, mara nyingi zaidi ya nusu milimita, inayobeba stigma.

Stameni ni mbili, zisizoungana. Nyuzi zake, yaani vijiti vinavyobeba vichwa, kwa kawaida hazina vinyweleo. Kagua kitako cha uzi, mahali unapoanzia, maana ndipo Salix glauca inapojitoa.

Mbegu zikishaanza kutoka, kishada huwa donge la pamba na ovari zimepasuka. Pamba hiyo Wainuit waliichanganya na mosi kutengenezea utambi wa taa ya mafuta. Kwa utambuzi, tafuta vibonge vilivyobaki chini ya kishada na ukague maganda yake: manyoya bado yanaonekana.

## Hatua ya 7: Pitia wanaofanana, mmoja mmoja

Soma hatua hii ukiwa na sampuli mkononi. Usiishie kwenye spishi ya kwanza inayofanana.

Salix herbacea. Majani ni ya mviringo, yanang'aa pande zote mbili, hayana nta chini, na ukingo una meno madogo pande zote. Kila kichipukizi huwa na majani mawili au matatu tu. Ovari haina manyoya. Mtu aliyeuona mara moja haukosei tena.

Salix polaris. Nao ni mdogo, mashina yamezikwa na majani yanang'aa, lakini ukingo ni laini na ovari ina manyoya. Ndio mwerebi utakaoukanyaga kila mahali Svalbard. Rekodi ya Salix arctica kutoka visiwa hivyo iangalie kwa shaka kubwa.

Salix reticulata. Mishipa ya jani imezama upande wa juu na kufanya wavu wazi kabisa, upande wa chini ni mweupe, na jani ni nene. Kishada husimama kwenye ncha ya kichipukizi juu ya kikonyo kirefu. Hakuna sababu ya kuukosea ukiwa na jani zima.

Salix phlebophylla na Salix rotundifolia. Hizi ni za upande wa Alaska na jirani zake. Vuta matawi ya chini: majani ya miaka iliyopita hayajaanguka, yamebaki mishipa mitupu. Majani ni madogo na hayana nta chini.

Salix uva-ursi. Mashariki mwa Kanada na Greenland. Hulala chini kama Salix arctica na jani lina nta upande wa chini, kwa hiyo hapa watu huteleza. Tazama ukingo: una meno. Tazama ovari: haina manyoya. Ua dume mara nyingi lina stameni moja tu.

Salix ovalifolia. Pwani za Alaska, mchangani na kwenye nyasi za maji ya chumvi. Ovari haina manyoya, ina nta.

Salix arctophila. Jina lake tu linatosha kuleta mchanganyiko, na mmea wenyewe unaongeza. Hupenda mosi yenye maji, matawi hutambaa na kutoa mizizi, jani halina vinyweleo au lina vichache sana, na ukingo unaweza kuwa na meno madogo kuelekea kitako. Ncha haina ndevu. Ovari ina vinyweleo vifupi vya madoadoa badala ya manyoya yaliyojaa. Kichaka kilicho kwenye maji chenye majani tupu yanayong'aa kifikirie huu kwanza.

Salix glauca. Huu ndio mgumu kuliko wote. Majani yake yana vinyweleo, yana nta chini, ukingo ni laini, na ovari imejaa manyoya. Kaskazini mwa mbali, ambako upepo huulaza, hata kimo hakisaidii. Tenganisha hivi: kwa kawaida husimama na kufika nusu mita au zaidi, brakti ni za rangi hafifu ya kahawia-njano, nyuzi za stameni zina vinyweleo kwenye kitako. Kama kichaka kimelala, brakti ni nyeusi na nyuzi ni tupu, sema Salix arctica. Kama alama mbili zinavutana na ya tatu, endelea hatua ya 9, usilazimishe.

## Hatua ya 8: Bana, kausha na andika lebo

Bana sampuli siku ileile. Jani la mwerebi likinyauka hujikunja, na halinyooki tena.

1. Panga tawi ndani ya gazeti. Geuza angalau majani mawili ili upande wa chini uonekane. Hili husahaulika kila mara, na sampuli nzima ikigundishwa kwenye karatasi, upande wa chini umepotea.
2. Hakikisha kuna kishada, majani yaliyokomaa, jicho moja linaloonekana na kipande cha shina la mwaka jana.
3. Weka karatasi ya kunyonya maji na kadibodi kila upande. Kaza mikanda.
4. Badilisha karatasi baada ya saa 24, kisha kila siku hadi jani livunjike kwa mlio ukilikunja. Ukitumia joto, lisizidi nyuzi 40 hivi za Selsiasi.
5. Tia vishada viwili vya kichaka hichohicho kwenye alkoholi. Karatasi ya namba, iliyoandikwa kwa penseli, iwe ndani ya kichupa.
6. Kama unachukua DNA, kata vipande vya jani safi lisilo na kutu, uvitie kwenye bahasha ndani ya silika. Silika ya rangi ikibadilika siku ya kwanza, ibadilishe.
7. Kabla ya kuingiza sampuli hebaria, igandishe kwenye nyuzi −20 kwa wiki moja au zaidi ili kuua wadudu. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki na usiufungue mpaka irudi kwenye joto la chumba, vinginevyo unyevu wa hewa utatua juu ya jani.

Lebo iwe na: namba, tarehe, nyuzi za latitudo na longitudo, mwinuko, aina ya udongo, urefu wa kichaka, kimelala au kimesimama, mashina yako juu au chini ya ardhi, jinsia, rangi ya brakti, ya stigma na ya vichwa vya stameni vikiwa hai. Rangi hizi hazipo tena baada ya mwezi mmoja.

Unapiga picha tu? Piga tano: kichaka kizima na rula pembeni, jani upande wa juu, jani upande wa chini, ncha ya jani dhidi ya anga, na kishada kwa karibu. Picha ya nne, ya ndevu, usiikose.

## Hatua ya 9: Andika jina kwa kiwango unachoweza kukitetea

Jina kamili ni Salix arctica Pall. Kifupi hicho cha mwisho ni cha Peter Simon Pallas, aliyeuelezea kisayansi. Uko katika oda ya Malpighiales, familia ya Salicaceae, jenasi ya Salix, jenasi ndogo ya Chamaetia, pamoja na mierebi mingine mingi mifupi ya Aktiki na milima mirefu.

Kufanana kwa umbo si dalili ya undugu wa karibu kila mara, na kromosomu hulionyesha hilo. Namba ya msingi ya kromosomu za mierebi ni 19. Salix herbacea na Salix reticulata zina 38. Salix arctica ina 76 au 114, kutegemea mahali ilipotoka. Huenda seti nyingi namna hiyo ni sababu mojawapo ya majani yake kutofautiana sana.

Kwa hiyo usione haya kuandika kwa tahadhari. Zipo njia tatu:

- Salix arctica, alama zote za hatua ya 2 hadi 6 zikikubaliana.
- Salix cf. arctica (cf. maana yake "linganisha na"), alama moja ikikosekana kwa sababu ya msimu, kwa mfano hakuna maua, lakini hakuna inayopinga.
- Salix arctica × glauca au Salix arctica × arctophila, alama za wazazi wawili zikionekana kwenye kichaka kimoja na wazazi wote wakiwa jirani. Usiandike chotara kwa kubahatisha. Andika alama ipi imetoka kwa mzazi yupi, na uwe na sampuli ya kila mzazi kutoka palepale.

Jambo la mwisho linawahusu wanaotumia hifadhidata. Utakuta nukta (mahali sampuli zilipochukuliwa) za Salix arctica kutoka Colorado, California na majimbo mengine ya milima ya Marekani. Mimea mingi ya huko sasa huitwa Salix petrophila Rydb., ambayo zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya Salix arctica. Kabla ya kuchora ramani au kupima athari za joto, tenga nukta hizo, fungua picha ya kila sampuli, na uangalie ni nani aliyeitaja upya na mwaka gani. Lebo ya utambuzi iliyobandikwa mwisho, kwa tarehe yake, ndiyo yenye jina linalotumika.